Papadi Ndani ya Jiko la Vioo

Tausi alirudi bila mkia.

Alirudishwa na mama mmoja wa Lavington, amefunikwa blanketi nyuma ya gari, na sisi wote tukatoka nje ya duka kumwangalia. Kilikuwa kioo cha mlango, kirefu kunishinda, na mamangu ndiye alikuwa amemchora huyo tausi kwa mkono, unyoya mmoja mmoja, mgongo ukimuuma. Sasa kichwa kilikuwa sawa, kifua kilikuwa sawa, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini kulikuwa na kioo kitupu na mikwaruzo.

"Dada wa kazi ni mpya," yule mama akasema. "Aliona ni uchafu, akasugua na ile waya ya sufuria. Sasa niko na kuku mlangoni."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasikitika, na hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu mtu akikukasirikia hata wewe unaweza kukasirika. Mamangu alipitisha kidole mahali mkia ulikuwa, akasema, "Pole, mama. Nitakurudishia." Bosi akasema hakuna malipo. Halafu wote wakaingia ndani wakaniacha hapo nje na kuku wa kioo, na watu wakipita wananiuliza ni bei gani.

Nilikuwa nimemaliza form four, sina college, sina chochote, na bosi alikuwa amenipa kazi ya kaunta: kushika simu na kufunga vioo na magazeti. Duka lilikuwa karibu na River Road. Mbele walikuwa wanakata vioo vya madirisha na vya kujitazamia, na nyuma kulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha moja. Hapo ndio mamangu alikuwa anachora. Aliingia hilo duka kama mtu wa kufagia. Siku moja bosi, Mhindi mzee aliyerithi duka kutoka kwa babake, alimkuta akichora maua na kidole kwa vumbi ya kioo kikubwa. Badala ya kumgombeza akamletea brashi. Sijui kama kuna mwingine Nairobi angefanya hivyo. Mamangu pia hakujua, na hiyo ndiyo ilikuwa shida: kazi kama hiyo ikiisha hapo, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Tatizo letu lilikuwa rangi. Ile tulikuwa tunatumia inakauka na hewa tu, inakaa juu ya kioo venye mafuta inakaa juu ya ngozi. Ukitaka rangi ishike kabisa, lazima utumie ile ya unga, halafu uchome kioo mpaka rangi iyeyuke na iingie ndani. Na kuchoma kioo kunataka tanuri. Bosi aliiita kilini. Mamangu aliiita jiko, na hilo ndilo jina lilibaki.

Bosi alikuwa anasema kila mwaka, "Iko siku tutanunua." Hiyo siku ya tausi akaacha kusema iko siku. Alipiga simu mchana wote, na jioni akatuita kwa kaunta. Alikuwa na karatasi zenye picha zimechapishwa: waridi, twiga, bendera, herufi. Akaloweka waridi moja kwa maji, akaliteleza juu ya glasi ya kunywa, likashika. Mimi nilikuwa nimebandika stika za hivyo kwa madaftari nikiwa primary.

"Choma, basi, imekwisha," akasema. "Glasi ya harusi, glasi ya timu ya mpira. Hakuna ngoja, hakuna chora. Mtu yeyote naweza fanya."

Alikuwa na furaha ya mtu amepata dawa. Sidhani hata alisikia kile alisema. Mimi nilisikia. Mtu yeyote. Nikamwangalia mamangu. Alikuwa ameinamia lile waridi, analigeuza kwa mwanga.

"Ni safi," akasema. Basi.

Bosi aliacha kitabu cha majiko kwa kaunta, na kwa sababu mimi siwezi kukaa bure nikakisoma chote. Kulikuwa na aina mbili za kutufaa. Moja ni ndefu, imesimama kama friji. Moto unatoka kwa kuta, na ndani unapanga rafu juu ya rafu. Hiyo ni ya glasi na vikombe. Nyingine imelala kama sanduku la nguo, unafungua kifuniko juu, na moto unatoka kwa hicho kifuniko. Inachukua safu moja tu, na ni ya vioo bapa, vile mamangu anachora. Nikaelewa kitu kimoja, na nikaelewa haraka: yule anachagua jiko ndiye anachagua kazi ya nani inabaki.

Jioni nikamwambia hivyo mamangu, nyumbani Kangemi, akiwa anaosha brashi zake kwa karai.

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Niseme nini?"

"Useme unataka ile ya kulala! Useme ile ndefu itakumaliza!"

"Bosi ana macho. Ngoja aone."

"Ngoja! Kwako kila kitu ni ngoja. Rangi ikauke, ngoja. Maharagwe yaive, ngoja."

Akacheka, maji yakamwagika. "Wewe ulitoka kabla ya wakati. Nesi hata hakuwa amevaa glavu. Unafikiri dunia yote ina mbio kama yako."

Nikachukua kitambaa nikapangusa yale maji, haraka, kwa hasira.

Siku chache baadaye bosi akasema kuna jiko refu linauzwa Lavington, kwa mama mmoja mfinyanzi, mzungu, ambaye anarudi kwao. Akamchukua mamangu kwa sababu yeye ndiye anajua rangi, na mimi nikaingia kwa gari bila kualikwa. Mbele alikaa bosi na mkewe, ambaye dukani tulimwita memsab. Memsab alinipa mkebe nimshikie. Nikafungua: ulikuwa umejaa papadi, ile mikate yao ya dengu, myembamba kama karatasi, ambayo ukiipitisha kwa moto inafura na kutoa malengelenge.

"Hii ni ya lunch?" nikauliza.

"Hii ni ya kuangalia moto," memsab akasema. Akanielezea kwamba mama mkwe wake hakuruhusu jiko lolote kuingia nyumbani kabla ya kulifanyia mtihani. La makaa, la gesi, la stima, yote yalifanya mtihani huo. Unapanga papadi kila pembe, unawasha, halafu unaona wapi moto ni mwingi na wapi umelala. "Fundi nadanganya. Mwenye kuuza nadanganya. Papadi haidanganyi."

Bosi alitingisha kichwa, na mimi nikaona hii ni safari ya vituko.

Huko Lavington ni ukuta baada ya ukuta, na kila geti lina kibao cha bati kimeandikwa MBWA KALI. Mvua ilikuwa imevila vingi. Kimoja kilibaki na masikio ya mbwa tu. Soja alitufungulia geti, akachungulia ndani ya gari.

"Ni nyinyi mnakuja kuona ile oveni? Sawa. Mkitoka msisahau mimi ndiye nilifungua."

Jiko lilikuwa kwa gereji, na nitasema ukweli, lilikuwa zuri. Lilikuwa linang'aa, na lilikuwa na kidirisha cha namba nyekundu za kukuambia moto umefika wapi. Yule mama mfinyanzi alikuwa anapakia vitu vyake, akatuwashia, akatuacha. Bosi alilizunguka kama mtu anakagua ng'ombe wa mahari. Alifungua mlango, akafunga, akafungua tena.

Memsab akavua bangili, akapanga papadi kwa rafu. Zingine akaziweka karibu na kuta, moja katikati. Tukangoja. Harufu ikaja, ya kula kabisa, halafu ikageuka kuwa ya kuungua. Alipofungua, zile za kando zilikuwa nyeusi kama kiwi ya viatu. Ya katikati ilikuwa vile iliingia, nyeupe na laini. Memsab akaikunja kama leso.

"Hii nalala," akasema. Akaonyesha zile nyeusi. "Hii nakufa."

"Kwa glasi haina shida," bosi akasema haraka. "Glasi naweka mbali na ukuta, naongeza moto polepole." Na hapo alikuwa sawa, hata kitabu kilisema hivyo. Halafu akageukia mamangu. Hakuwa analazimika kumuuliza, lakini alimuuliza. "Mama. Vioo yako itaingia hapa?"

Nikamfinya mkono. Nilitaka aseme chochote. Aseme linanuka, aseme limeharibika, aseme ameota ndoto mbaya.

"Vitaingia, bosi," akasema. "Kutoka ndio sijui."

Kisha akaeleza, akionyesha na viganja viwili. Kioo bapa kikiingia kwa moto wa kando, ukingo unashika joto kwanza. Ukingo unataka kutanuka, katikati bado kumelala, hakutaki. Wanavutana, wanavutana, halafu pa!

"Kama ndoa," memsab akasema.

Bosi hakucheka. Alikuwa anaangalia zile namba nyekundu. "Lakini kwa glasi iko mzuri," akasema tena, polepole, na mamangu akajibu, "Kwa glasi ni nzuri sana, bosi." Nilitamani kulia. Watu wazima wawili wanaambiana ukweli kwa heshima, na kazi ya mamangu inaisha katikati yao. Bosi akamwambia yule mfinyanzi amngoje kidogo, atapiga simu.

Tukaingia kwa gari. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Kwa hivyo bosi, mama atakuwa anafanya nini?"

Sasa ni mamangu alinifinya. Bosi akaniangalia kwa kioo cha dereva.

"Wewe nafikiri mimi napenda stika?" akasema. "Baba yangu nakata kioo miaka yote. Mimi nakata kioo. Lakini chora? Mimi siwezi chora hata yai. Mama yako nachora tausi, mimi naenda nyumbani naambia memsab, leo kwa duka yangu iko tausi." Memsab akakubali kwa kichwa. "Lakini tausi moja nakuja, halafu miezi hakuna. Glasi za nje nakuja na meli kila siku, bei rahisi. Watoto yangu nasema kwa simu, papa, funga, njoo huku. Mimi nafunga, hawa watu wote naenda wapi? Sasa wewe umesoma, sema mimi. Kitu ya kioo, iko bapa, watu nanunua kila siku, mvua, jua. Sema."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba bosi anaweza kuogopa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nilikuwa hata nimepanga maneno, na sasa maneno hayakuwa na mahali pa kuenda. Nikageuza uso kwa dirisha. Geti likapita. Geti lingine. Bati, kutu, bati, kutu.

"Mbwa kali," nikasema.

"Wapi?" memsab akauliza, akipandisha kioo cha mlango.

"Hapana, memsab, kile kibao. Angalia, kimeliwa. Na kile. Kila nyumba iko na kibao, na kila kibao kimeoza. Kioo hakishiki kutu!"

Bosi akapunguza mwendo mpaka gari la nyuma likapiga honi. Tukapita mageti yote ya hiyo barabara kama watu wanatafuta nyumba ya kuhamia. Namba za nyumba, majina ya nyumba, mbwa, mbwa, mbwa.

"Herufi natoka kwa karatasi," bosi akasema, kama anajiambia. "Na pembeni naweka ua."

"Hata mbwa mwenyewe naweza kumchora," mamangu akasema.

Bosi akaendesha kidogo, halafu akageuza gari. Alikuwa amekumbuka nyumba moja Upper Hill. Zamani aliwauzia vioo watu waliokuwa wanatengeneza madirisha ya makanisa hapo, na walikuwa na jiko la kulala. Hao watu walishaacha hiyo kazi. Nyumba tuliipata imebaki peke yake, ya vigae, imebanwa na maghorofa ya ofisi pande mbili. Ilikuwa ibomolewe ijengwe ghorofa nyingine. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, amevaa makoti mawili, kwa sababu ilikuwa baridi ya Julai, ile inaingia mpaka kwa meno.

"Jiko la kuchoma vioo?" akasema. "Hapa hakuna. Kuna sanduku ya chuma tu, nawekanga vitu zangu."

Akatupeleka. Akainua kifuniko. Ndani kulikuwa na blanketi, vitunguu, na redio. Lakini mimi nilikuwa naangalia kifuniko chenyewe, kwa ndani: waya za koili zimepangwa kwa mistari, vile tu kitabu kilionyesha.

"Panya haiingii," yule mlinzi akasema kwa fahari. "Na inafunga poa."

Bosi akamwomba atoe vitu tujaribu. Kulikuwa bado na laini nene ya stima, ile ya jiko la kupikia, na bosi mwenyewe ndiye alichomeka, akisema maombi ya lugha yao kwa midomo. Memsab akapanga papadi zilizobaki. Tukafunga, tukangoja, tukafungua.

Zote zilikuwa zimefura sawasawa, rangi ya biskuti. Zote isipokuwa za pembe moja, ambazo zilikuwa mbichi. Koili ya hapo ilikuwa imekatika.

"Hii ni ya nani?" mlinzi akauliza, tayari moja iko mdomoni. "Iko na chumvi fiti."

Mimi nilikuwa nimeshangilia tayari, lakini bosi hakuwa anashangilia. Aliinama, akaangalia ile pembe iliyokufa. Akaangalia pale kando ambapo mashine nyingine zinakuwa na namba. Hii haikuwa na namba. Ilikuwa na tundu dogo limezibwa na kipande cha udongo, la kuchungulia rangi ya moto na jicho.

"Ile ya Lavington iko na namba," akasema. "Hii iko na shimo."

Nilijua anafikiria nini: akinunua hili na lisifanye kazi, hatanunua lingine. Atafunga duka kama watoto wake wanavyotaka.

Hapo mamangu akafanya kitu sikuwa nimewahi kumwona akifanya. Akaomba.

"Bosi, nipe kesho. Nichore kimoja, tuchome hapa hapa. Kikitoka kimepasuka, nunua lile la Lavington. Na mimi nitakusaidia kubandika stika, sitanung'unika."

Bosi alimwangalia. "Kesho," akasema.

Walichora pamoja, na hiyo nayo sikuwa nimewahi kuiona. Mamangu alisaga rangi ya unga na maji na gamu juu ya kipande cha kioo, akachora mbwa na maua mekundu pembeni. Bosi ndiye alibandika herufi, ulimi nje kama mtoto wa nasari, na memsab akamwambia L inalegea upande. Tukabeba kibao Upper Hill kwa mapaja. Mamangu akapaka rafu ya jiko unga mweupe wa chokaa ili kioo kisigandame, akakilaza mbali na ile pembe iliyokufa. Akaweka kipande cha tofali chini ya kifuniko, kibaki wazi kidogo, mpaka harufu ya gamu ikatoka yote. Halafu akafunga.

Kuanzia hapo ilikuwa ni zamu kwa shimo. Bosi anachungulia, mamangu anachungulia. Kwanza hakuna kitu, ni giza. Baadaye wekundu wa mkaa unaozimika. Baadaye wekundu wenyewe. Mimi pia nilichungulia mara moja, nikaona mbwa amelala ndani ya jua.

"Zima," mamangu akasema.

"Bado," bosi akasema. "Kitabu nasema ongeza."

"Bosi, zima. Angalia rangi. Imelowa."

Bosi akachungulia. Rangi ilikuwa inang'aa kama imemwagiwa maji. Mkono wake ulikuwa kwa swichi, na nikaona anamfikiria mtu aliyeandika kitabu, na anamfikiria mamangu. Akazima.

"Sasa tufungue kidogo tu?" nikasema. "Tuone?"

"Hapana!" Wote walisema, hata mlinzi, ambaye jana alikuwa anaita hiyo kitu sanduku. Kioo kikipigwa na baridi kikiwa moto kinapasuka, na hiyo baridi ya Julai ilikuwa inapita chini ya mlango. Lazima lipoe lenyewe mpaka kesho yake. Mlinzi akasema tusiwe na wasiwasi, yeye atalala hapo hapo. "Kwanza kuna joto," akasema.

Asubuhi mamangu alitembea polepole kwa makusudi, naapa. Alisimama kununua hata ndizi. Tulipofika bosi na memsab walikuwa nje ya mlango, na ndani yule mlinzi alikuwa amekaa juu ya jiko, amejifunga blanketi zake zote.

"Watu wa kubomoa wamekuja mapema," akatuambia. "Walikuwa wanataka kubeba hii wauze na vyuma. Wakataka kufungua. Nimewaambia wasijaribu, kuna mbwa ndani, na ni kali."

"Na wakaamini?" bosi akauliza.

"Mdosi, nani anataka kuhakikisha?"

Mamangu akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Kama mtoto ana homa kidogo," akasema. Kwa hivyo tukangoja tena, ndizi zikaliwa zote, na mimi nikahesabu madirisha ya ghorofa ya jirani mpaka nikachoka. Hatimaye akainua.

Kioo kilikuwa kizima.

Alikitoa na mikono miwili, akakigeuza kwa mwanga wa dirisha. Hakuna ufa. Maua yalikuwa mekundu kama yamechunwa. Bosi akavaa miwani, akamwangalia mbwa kwa muda.

"Mama, huyu si kali," akasema. "Huyu naomba chapati."

"Mbwa wa Kangemi wote wako hivyo, bosi. Hao wengine siwajui."

Memsab alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini bosi alikuwa bado hajamaliza. Akatia mkono mfukoni, akatoa waya ya kusugulia sufuria. Alikuwa ametoka nayo nyumbani. Akaweka kibao juu ya jiko, akaanza kusugua, akianzia kwa mkia.

Mimi sikuangalia kioo. Nilimwangalia mamangu. Yeye alikuwa anaangalia nje, kama mtu yuko kliniki anangoja jina lake liitwe, na midomo yake ilikuwa imekauka. Nilikuwa nimemlaumu siku hizo zote kwamba hajali. Nilitaka kumshika mkono lakini nikaogopa kwamba nikimgusa atavunjika.

Bosi akasugua mpaka akahema. Akampa memsab, na memsab akasugua kwa nguvu ya mtu anayejua sufuria. Kioo kikajaa weusi wa waya. Bosi akaupangusa na kidole gumba, polepole.

Mbwa alikuwa hapo. Mkia wote ulikuwa hapo.

Bosi alivua miwani akaifuta, na sidhani ilikuwa chafu. Kisha akamgeukia yule mlinzi.

"Toa vitunguu," akasema.

Bosi alimlipa mwenye nyumba, jiko likaletwa dukani na mkokoteni, na memsab akalipiga alama nyekundu kwa kifuniko, akapasua nazi kwa mlango, vile wao hubariki kitu kipya, akatugawia vipande. Fundi wa stima akaweka koili mpya kwa ile pembe. Sisemi kila kitu kilikuwa rahisi. Stima ilipotea siku moja katikati ya kuchoma, na vibao vyote vikatoka na rangi kavu kama unga, mama akaanza upya. Herufi zilitoka kwa karatasi, na kuna siku alinung'unika kwamba herufi ndizo zinasifiwa. Lakini mbwa, maua, ndege na namba zenye majani zilitoka kwa mkono wake, na vibao vilitoka kila siku, mvua, jua. Baadaye alijifunza hata kuchora mbwa mwenye meno.

Tausi hakuweza kuingia. Mlango wote ulikuwa mrefu kuliko jiko, kwa hivyo bosi alikata kioo kipya vipande vipande, na mamangu akamchora ndege akiwa amegawanyika: kichwa hapa, kifua hapa, mkia ukishuka kwa vipande viwili. Seremala akaviunganisha na mbao nyembamba. Tulimpeleka Lavington sisi wenyewe. Mwenye nyumba hakuwepo. Yule dada wa kazi ndiye alitufungulia, na alipoona ni kioo gani akarudi nyuma, mikono amefunga kwa aproni. Alikuwa wa rika langu. Seremala alipomaliza kuweka mlango, msichana alikuwa bado amesimama mbali nao.

Mamangu akatoa waya ya sufuria kwa mkoba, mpya, bado ina karatasi.

"Njoo," akamwambia. "Sugua."

"Mama, tafadhali. Nitafutwa."

"Hufutwi. Sugua mkia."

Msichana akaniangalia mimi, nikamwashiria aende. Akachukua waya na vidole viwili, akagusa kioo kama anampangusa mtoto uso. Akaangalia. Akagusa tena.

"Aa, si hivyo," mamangu akasema. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, na mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia haraka kwa sauti yake. "Sugua kwa nguvu, mama, mbona unachelewa? Sugua twende, niko na kazi dukani."